Jumamosi Fundi Hayupo

Siku ya Jumamosi, wakati mafundi cherehani wenzake wote wa Abeka Lapaz wanafungua milango na kupuliza vumbi kwenye mashine, Araba Essilfie alikuwa anatia kufuli. Anakaza kamba za raba, anatumbukiza mfuko mmoja wa maji kwenye begi, halafu huyo, kuuzunguka mji wa Accra kwa miguu, bila pesewa hata moja mfukoni.

Kutobeba hela ilikuwa sheria yake ya kwanza. Mwenye hela akichoka hupanda gari, na akishapanda gari haoni kitu ila kisogo cha abiria wa mbele. Sheria ya pili, hakurudi kwa njia aliyoendea. Sheria ya tatu ilikuwepo, ila hiyo hakumwambia mtu.

Sasa, fundi nguo anayefunga Jumamosi mjini Accra ana kasoro kichwani, tuseme ukweli. Jumamosi ndiyo siku ya harusi na ndiyo siku ya mazishi. Hapo ndipo zipu zinapokatika na viuno vinapokataa kuingia. Wateja walikuja mbio, vitambaa mkononi, wakakuta bati la kijani limefungwa na maandishi yake juu, ARABA MSHONO WA KISASA, na kando yake Anti Korkoi, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, ambaye kazi ya kumwombea radhi jirani yake ilikuwa imemchosha.

"We Araba," alimwambia Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Araba aliporudi jioni miguu imejaa vumbi mpaka magotini, "una wazimu, au una mwanamume Tema?"

"Natembea tu, Anti. Mji mkubwa huu, na kuutazama hawatozi."

"Hawatozi! Na hizo raba unapewa na nani? Pea ya tatu hiyo tangu Pasaka." Anti Korkoi alimwekea donge la kenkey na samaki wa kukaanga kwenye jani, maana kumgombeza mtu mwenye njaa kulikuwa hakumpi raha. "Kula. Na yule mzee wa suruali ya zambarau kaja tena. Mara ya pili sasa."

"Anataka nini?"

"Umpunguzie urefu. Wala si ndefu, nimeiangalia. Nikamwambia baba, niachie mimi, fundi akija nampa. Hataki. Anataka kuongea na fundi mwenyewe. Mwanamume mzima, ana mvi, zambarau!"

"Mwambie aje Jumatatu."

"Si nimemwambia? Kaniuliza, kwani Jumamosi huwa anakwenda wapi? Nikamwambia, mwenyewe anadai anatembea. Basi kacheka huyo, utadhani nimemwambia kichekesho cha mwaka."

Araba naye alicheka, mdomo umejaa kenkey. Suruali ya zambarau! Kesho yake alikuwa ameshaisahau.

Tangu mwezi wa pili alikuwa ameshakwenda Teshie na Nungua, ameshafika Ashaiman mpaka akaziona kreni za bandari, ameshapita Chorkor katikati ya moshi wa samaki, na Nima, ambako alipotea mara mbili kwenye vichochoro, akatolewa na mwanamke aliyekuwa anakwenda kusaga mahindi. Alijua ni mtaa gani mbwa wake hawana adabu, ni kituo gani cha mafuta wanakuruhusu kunawa uso, ni kanisa gani huacha mlango wazi mchana ili mtu apumzike kwenye benchi na feni inazunguka. Alipokuwa akiwaambia watu kwamba anautembelea mji, nusu ya uongo huo ilikuwa kweli. Aliupenda. Mara nyingine, mahali kama Dansoman, saa nne asubuhi, njia ikiwa mbele yake na hakuna anayemjua, alijisikia mwepesi mpaka akaona aibu.

Lakini nusu ya pili ilikuwa hii: Araba alikuwa anamtafuta baba yake.

Kobina Essilfie alikuwa msoma mita za maji huko Saltpond, mtu aliyelipwa kwa kutembea, na bado akitoka kazini alikuwa hatulii. Anakula amesimama. Anaongea na wageni huku anazunguka uani, mikono mgongoni. Jumapili moja, Araba akiwa na miaka tisa, alimaliza kula, akachukua kofia, akamwambia mkewe, "Nakwenda kunyoosha miguu." Miguu hiyo ikanyooshwa miaka ishirini na minne. Ndugu zake wa Saltpond walipoulizwa walisema hawajui, na hawakuwa wanadanganya. Mama yake Araba aligombana nao hata hivyo, akahamia Kasoa kwa kaka yake, na jina la Kobina halikutajwa tena nyumbani ila kwa kutukania. "Kiguu na njia kama babako!" Mama alikuwa akisema kila Araba alipochelewa kurudi kutoka dukani. "Toa mikono mgongoni!"

Angeweza kuliacha jambo hilo lilale. Ila mwaka huu kulikuwa na Kwamena, fundi umeme, mtu mpole mwenye meno mazuri, na watu wa Kwamena walitaka kuja kugonga mlango, yaani kuleta zile chupa mbili za kinywaji na kusema rasmi kwamba wameona ua katika nyumba hii na wanaomba kulichuma. Mjomba Ebo, kaka yake Mama, aliketi kwenye kiti chake huko Kasoa, akakataa.

"Kinywaji cha mtoto hupokelewa na baba yake," alisema. "Kama yu hai, aje aketi hapa. Kama amekufa, nioneshwe kaburi, na watu wa ukoo wake waje waketi badala yake. Lakini mtu aliyekwenda kunyoosha miguu? Mimi Ebo nipokee kinywaji kwa niaba ya mtu aliyekwenda kunyoosha miguu? Tutachekwa mpaka Takoradi!"

"Mjomba, nimeshafika miaka thelathini na mitatu."

"Hata ukiwa na sabini. Mtafute."

Watu wa Kwamena walishaahirisha mara mbili. Sasa ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. "Mama yangu anasema," Kwamena alimwambia, akiangalia vidole vyake, "safari hii akikuta mlango bado haufunguki, anageuka na chupa zake, na mimi anataka nigeuke naye."

"Na wewe utageuka?"

Kwamena akageukia soketi ambayo haikuwa mbovu, akaanza kuitengeneza. Araba alilala siku ile akiwa na hasira naye, lakini zaidi akiwa na hasira na mtu mwenye kofia.

Alichokuwa nacho ni habari moja tu. Miaka mitano nyuma, dereva mmoja wa Saltpond alimwona Kobina Essilfie akivuka barabara Accra, mikono mgongoni, akampigia kelele dirishani, wakasemezana maneno mawili matatu, taa zikaruhusu, magari ya nyuma yakapiga honi. Basi. Accra ipi, barabara ipi, dereva mwenyewe hakumbuki. Kwa hiyo sheria ya tatu ya Araba ilikuwa kumtazama kila mzee atembeaye na mikono mgongoni. Kama hujawahi kuwatafuta huwezi kujua walivyo wengi. Alianzia mbali, Tema na Nungua, kwa sababu alidhani mtu aliyekimbia hukimbilia mwisho wa njia. Vitongoji vya jirani aliviacha. Viko hapo tu, alijiambia, haviendi popote.

Kuuliza aliona aibu. Utamwambiaje mtu usiyemjua kwamba baba yako alitoka kutembea ukiwa darasa la tatu? Siku moja Teshie, kiu ilimshinda, akaingia kwenye ua mmoja akaomba maji. Bibi wa pale akampa kiti kwanza, halafu maji kwenye kikombe cha bati, akasubiri anywe mpaka tone la mwisho, kisha akauliza kama inavyoulizwa kila nyumba yenye adabu: "Hapa kwetu ni salama. Wewe ndiye mwenye safari. Umefuata nini?"

"Nia yangu njema, Bibi. Natembea tu."

"Hakuna mtu anayetembea tu. Umekaa kiti chetu, umekunywa maji yetu. Sema ulichofuata."

Araba alifungua mdomo, ukakataa. Alishukuru, akainuka, akatoka masikio yakimwaka moto, na yule bibi akabaki akitikisa kichwa. Akatembea maili tatu bila kuona kitu.

Ikaja Jumamosi ya kabla ya ile ya mwisho. Zimebaki siku saba. Araba aliamka kabla ya majogoo, miguu inamcheza chini ya shuka, akajua kwamba mpaka Tema na kurudi hataweza, magoti yamechoka. Akakata shauri kwenda karibu kwa mara ya kwanza: Achimota, Dome, apandishe mpaka Haatso, arudi. Saa mbili za mwendo, hata hazifiki tatu. Aliona kama anajipumzisha.

Alikwenda haraka kuliko kawaida. Alimpita mzee wa kwanza mwenye mikono mgongoni huko Achimota: si yeye, huyu mfupi. Wa pili alikuwa amefungwa pingu. Karibu na Dome alikosea njia, akaingia barabara inayoishia kwenye ukuta wa shule, akarudi akijilaani. Alikunywa maji yote kabla ya saa tatu. Kila alichokiona kilimkera: mbuzi, spika ya kanisa, muuza mayai aliyemsemesha.

"Dada, unakimbia nini?"

"Sikimbii. Natembea tu."

"Basi hiyo kutembea yako inatoa jasho!"

Kuta za Accra zimejaa marehemu. Kila anayekufa huchapishwa karatasi kubwa ya rangi, picha yake katikati, umri, siku ya mazishi, na chini yake orodha ya wafiwa wote, nani yuko wapi, ili watu wajue nyumba hii ina watoto na watoto wamefika mbali. Araba alikuwa na mazoea ya kuzisoma akipita, kama wengine wanavyosoma bei. Ukutani Haatso, mkabala na mwanamke anayechoma ndizi, ilikuwepo moja mpya, gundi yake bado inang'aa. AMEITWA UTUKUFUNI. Mzee mwembamba, macho ameyabana kwa jua. Araba aliisoma nusu, akapita.

Akaenda hatua tano, sita. Akarudi.

MZEE JOSEPH KOBINA ESSILFIE, maarufu MZEE MIGUU. Umri: miaka 67. Mazishi: leo, nyumbani kwake Haatso. Mjane: Naa Dromo. Watoto: Naa Ode (Haatso), Nii Adjei (Kumasi), Araba (London).

Kwanza alifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi sitamfichia: kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba amepatikana, kaburi lipo, Mjomba Ebo hana la kusema tena. Furaha hiyo ilidumu kama unavyovuta pumzi mara mbili. Halafu aibu ikampanda, ikafuatiwa na kicheko, peke yake pale barabarani, kiganja juu ya jina lake. London! Yeye ambaye pasi ya kusafiria hajawahi hata kuigusa!

"Ulikuwa unamjua Mzee Miguu?" mchoma ndizi alimwuliza.

"Kidogo."

"Maskini. Wamemzika asubuhi. Wiki saba amelala barafuni, wanamngojea binti wa London. Kila wiki, atakuja, atakuja. Mpaka leo kimya. Watu wa London hao hawana haraka, mwenzangu. Baba anaganda, yeye anakunywa chai."

"Labda hakupata habari."

"London hakuna simu?" Mchoma ndizi alipindua ndizi zake kwa nguvu. "Nyumba ni ile yenye maturubai. Ila hivyo ulivyovaa kijani utaingiaje msibani? Ngoja." Alivuta kitambaa chake cheusi begani, akamtupia. "Jifunge kichwani. Utanirudishia ukitoka."

Araba alipita mbele ya nyumba ile mara ya kwanza, hakuingia. Akaenda mpaka kona, akageuka, akapita mara ya pili. Viti vya plastiki, watu wa nyeusi na nyekundu, spika inalialia. Angeweza kurudi Lapaz. Kaburi sasa lipo, amwoneshe Mjomba, mambo yaishe. Lakini Mjomba alitaka na watu wa ukoo waketi badala ya baba, na watu hao, wazee wa Saltpond, ndio wale pale chini ya turubai wenye nguo za kupitisha begani. Wakiondoka leo hatawapata tena. Na akiingia, ataingia kama nani? Miguu ilitaka kwenda. Alikuwa hajawahi kuichukia miguu yake kama wakati ule.

Mara ya tatu akaingia, mikono mgongoni.

Mwanamke mmoja mnene wa makamo, aliyeketi karibu na mlango wa nyumba na nguo nyeusi mpya, alimwona akikatiza ua, akashika mkono wa kiti. Araba hakumwona. Alikuwa anahesabu viti vya watu wa kusalimia. Akatoa mikono mgongoni, akaanzia mkono wa kulia, kama alivyofundishwa akiwa hajafika urefu wa meza, akapeana mkono na mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho kushoto, bila kuruka mtu. Akapewa kiti. Akapewa maji. Aliyanywa yote, maana kiu ilikuwa ya kweli.

Nana Otu, mkuu wa ukoo, mzee mwenye sauti iliyokwaruza, alisogea mbele kidogo. "Hapa kwetu ni salama, ukiacha msiba huu unaouona. Wewe ndiye mwenye safari. Umefuata nini?"

Natembea tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Araba aliyameza.

"Mimi ni Araba," alisema. "Yule mliyemwandika London."

Spika iliendelea kulia peke yake, mpaka mtu akaizima.

"London nimeisikia redioni," Araba akaendelea. "Nakaa Lapaz. Nashona nguo. Nimekuja kwa miguu."

"Lapaz ipi?" mtu akauliza nyuma.

"Kuna ngapi?"

"Jamani! Wiki saba tunatazama ndege juu, mtu yuko Lapaz!" Kicheko kikapasuka mahali, kikakanyagwa. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, ambayo pengine ndiyo adabu zaidi.

Nana Otu alimnyooshea kidole. "Hilo ni jina lako. Nimekuuliza umefuata nini."

Basi Araba alisema. Alisema yote, mbele ya watu asiowajua, akiwa na kitambaa cha mchoma ndizi kichwani: kofia ile, Kasoa, chupa mbili zilizoahirishwa mara mbili, Mjomba Ebo. "Nilikuwa namtafuta aje aketi Jumamosi ijayo. Nimemtafuta tangu mwezi wa pili. Sasa nimewakuta nyinyi."

"Sisi pia alitupotea," Nana Otu alisema. "Huyu ndugu yetu, anwani yake tumeletewa na kifo chake. Ulipoingia umeanzia kulia. Nani alikufundisha?"

"Yeye."

"Hm." Mzee aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, wakaitikia kwa vichwa. "Mwambie huyo Ebo aweke viti sita. Na visiwe vya plastiki, mgongo wangu mbovu. Tutakipokea kinywaji cha mtoto wetu."

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka. Araba alishukuru, akashukuru tena, na tayari macho yake yalikuwa yanatafuta geti, lakini yule mwanamke mnene wa mlangoni alikuwa ameshasimama mbele yake. Alikuwa Naa Dromo, mjane.

"Njoo ndani," alisema. Haikuwa sauti ya kukaribisha.

Chumbani alifunga mlango. "Mume wangu hakuwa mwongo," alisema. "Ulevi hana, wizi hana. Nilipoolewa nilimwuliza, huyo mwanao wa kwanza mbona haji? Akaniambia yuko London. Nikaamini. Mwaka wa pili ukawa muuguzi. Mwaka wa tatu ukanunua gari. Sasa angeturudisha vipi mpaka Saltpond? Jambo likishatoka mdomoni hivyo..." Akakaa kitandani. "Nimekuona ulivyokatiza ua. Nikajua kabla hujafungua mdomo. Mikono ile."

"Samahani."

"Samahani ya nini? Njoo uone wazimu." Alivuta sanduku chini ya kitanda, akalifungua. Lilijaa suruali. "Wewe fundi. Niambie hii ni nini."

Araba alichukua moja, akageuza pindo. Ilikuwa imepunguzwa, ikaongezwa, ikapunguzwa tena. Nyingine hivyohivyo. Alizisoma pindo zile kama mwingine anavyosoma barua: huyu kashona kwa mkono, mwenye subira, huyu mashine yake inaruka, huyu alikosa uzi wa kahawia akatia mweusi, huyu kalipua kazi, alitaka kwenda kula. Mafundi kumi na wawili, kumi na watano, na hakuna pindo mbili zilizotoka mkono mmoja.

"Wiki nzima ni mlinzi wa shule," Naa Dromo alisema. "Ikifika Jumamosi, suruali kwapani, huyo! Leo Madina, kesho Kaneshie, sijui Mallam huko. Mume wangu, fundi si yupo hapo nje? Ananiambia, huyo simpendi, nakwenda kunyoosha miguu. Suruali zingine zimekatwa mpaka zimekuwa kaptura! Mimi nilijua ni mwanamke. Nani asingejua? Miaka mitano. Kumbe kuna dereva mmoja wa kwenu alimpigia kelele barabarani: we Kobina, binti yako yuko hapahapa Accra anashona nguo! Hayo kanieleza mwishoni kabisa, bila kutaja mtaa, na alipokufa niliona haya kuwaambia watu kwamba London haipo. Siku aliponieleza alirudi na hii." Akatoa ya chini kabisa, imekunjwa vizuri.

Ilikuwa ya zambarau.

"Alitoka nayo mara mbili, akarudi nayo nzima. Nikamwuliza, leo mafundi wote wamekufa? Akacheka. Akaniambia yupo, jina lake lipo juu ya bati, ila Jumamosi fundi hayupo, anatembea. Anatembea, Dromo! Ananirudia hivyo, anazunguka chumba hiki, hakai. Jumatatu naomba ruhusa kazini, anasema, namfuata. Alikula kama kijana siku ile." Naa Dromo aliinyoosha suruali kwenye magoti yake kwa kiganja. "Kesho yake kanisani, katikati ya wimbo wa pili, akakaa. Watu wote wamesimama, yeye kakaa. Mimi nikajua pale pale. Mtu yule hakuwa wa kukaa."

Araba hakulia. Alisimama ameshika nguzo ya kitanda, anamwona Anti Korkoi na jani la kenkey, anajisikia yeye mwenyewe akisema mwambie aje Jumatatu, mdomo umejaa. Kilimuuma mahali ambapo hakujua kama pana maumivu.

"Nipe hii," alisema.

"Ya nini sasa?"

"Alitaka ipunguzwe. Kiasi gani?"

Naa Dromo aliweka vidole vyake kwenye pindo. "Vidole viwili," alisema. "Siku zote alikuwa anasema vidole viwili."

Nana Otu alitaka kumpa gari la kumrudisha, akakataa. Alimrudishia mchoma ndizi kitambaa chake. Kisha akarudi kwa njia ileile aliyoendea, Dome, Achimota, suruali kwapani, bila kumtazama mzee hata mmoja. Ilikuwa njia fupi kuliko zote, na alikwenda karibu mbio.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za Lapaz alipoingiza ufunguo kwenye kufuli. Anti Korkoi alisimamisha mwiko.

"We! Unafanya nini? Leo Jumamosi."

"Najua."

Alifungua madirisha yote mawili, akapuliza vumbi kwenye mashine, akatia uzi. Akapima vidole viwili, akakata, akakunja. Miguu, ambayo tangu alfajiri haikujua pa kujiweka, ikakanyaga pedali. Wateja wawili waliokuwa wanapita walisimama kushangaa mlango uko wazi, mmoja akarudi mbio nyumbani kuchukua gauni lake.

Anti Korkoi alisogea mlangoni akifuta mikono kwenye kanga yake, akaiona rangi ile inayopita chini ya sindano.

"Ah! Hatimaye mzee wa zambarau kakupata!"

"Tulipishana, Anti," Araba alisema.

Akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali, akaiweka rafuni pamoja na za wateja ambao bado hawajaja kuchukua. Mlango hakuufunga mpaka giza lilipoingia.